Theluji Inayoporomoka Kutoka Paani: Namna Inavyozuiwa Katika Nchi za Milima na Namna ya Kuitaja kwa Kiswahili

Kwa msemaji wa Kiswahili, upenu ni mahali pa amani. Mvua ikimkuta mtu njiani, hukimbilia upenuni; mchuuzi hupanga bidhaa zake upenuni ili jua lisiziharibu; jioni mkeka hutandikwa hapo hapo na mazungumzo huanza. Hakuna mzazi wa Lubumbashi wala wa Kisangani amkatazaye mtoto wake kucheza chini ya ukingo wa paa. Katika miji ya milima ya Alpi, na katika vijiji vya Japani vinavyoelekea Bahari ya Japani, mambo ni kinyume kabisa. Huko, tangu Desemba mpaka Machi, upenu ndio mahali pa kuogopwa kuliko pote kandokando ya nyumba, kwa maana theluji iliyorundikana juu ya paa kwa majuma kadhaa yaweza kushuka yote kwa pamoja, katika muda usiotosha mtu kuinua kichwa.

Huenda jambo hili likaonekana geni katika kurasa za masomo ya Kiswahili. Lakini wako Wakongomani wengi waishio na kusoma Ubelgiji, Ufaransa na Uswisi, na Kiswahili chao husafiri pamoja nao. Tena, lugha inayotaka kufundishia elimu zote haiwezi kuchagua hali ya hewa itakayoitaja. Kabla ya kutafuta neno, hata hivyo, sharti kitu chenyewe kifahamike. Wafasiri wengi hukosea kwa kulitangulia jambo na kuanza na kamusi.

Kiswahili hakikuwa mbali sana na theluji. Maneno yake mawili yametoka katika nchi ziijuazo: theluji kutoka Kiarabu, na barafu kutoka Kiajemi, ambako neno lenyewe humaanisha theluji hasa, si maji yaliyoganda. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliandika kwamba kiongozi wa safari yake aliuita tu «baridi». Hilo si kosa la kiongozi yule: alitaja alichokijua juu ya kitu kile. Kongo nayo inayo theluji yake katika milima ya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita, mpakani na Uganda, hufikia mita 5 109. Lakini chini ya theluji ile hakuna kijiji, wala soko, wala shule. Ndiyo sababu Kiswahili kina neno la theluji, na hakina neno la theluji ya paani.

Uzito wa kitu cheupe

Anayeiona theluji katika picha hudhani ni kitu chepesi kama pamba. Ikianguka tu, ni nyepesi kweli kwa kulinganisha na maji: kanuni za ujenzi za Ulaya, zijulikanazo kwa alama EN 1991-1-3, huihesabu theluji mpya kuwa na uzito wa kilo 100 hivi kwa kila meta ya ujazo. Lakini haikai hivyo. Baada ya saa au siku chache hujishindilia na kufikia kilo 200. Baada ya majuma au miezi huwa kati ya kilo 250 na 350. Ikilowana hufika kilo 400. Kwa hiyo rundo lililopungua kimo si lazima liwe limepungua uzito. Mara nyingi mwenye nyumba huona theluji ya paani imeshuka kutoka sentimeta 80 hadi 50, akafurahi, ilhali mzigo ni ule ule au umezidi kwa mvua iliyonyesha juu yake.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Chukua upande mmoja wa paa la nyumba ya kawaida, wenye urefu wa mita 10 kando ya ukuta na mita 6 kutoka ukingoni hadi kwenye mgongo wa paa. Weka juu yake theluji ya zamani yenye kina cha nusu mita na uzito wa kilo 250 kwa meta ya ujazo. Upande huo mmoja umebeba kilo 7 500, yaani tani saba na nusu. Ikiwa paa limeinama kwa digrii 30 na ukingo wake uko mita 6 juu ya ardhi, basi theluji iliyokuwa karibu na mgongo, ikiteleza bila kizuizi na bila msuguano, hufika chini kwa mwendo wa kilometa 48 hivi kwa saa. Tena haianguki wima. Imekwisha kupata mbio juu ya paa, nayo hurukia mbele. Katika mfano huu hutua karibu mita 5 kutoka ukingo wa paa. Msuguano hupunguza tarakimu hizo, hauzifuti. Yafaa msomaji azishike hizo mita 5, kwa sababu zitarudi katika suala la lugha.

Mtu anayepigwa na uzito wa namna hiyo huvunjika mifupa, au hufunikwa. Anayefunikwa hapati hewa, kwa kuwa theluji ikisimama hujikaza na kuwa ngumu kama udongo ulioshindiliwa. Uchunguzi uliofanywa Uswisi juu ya watu waliofukiwa na maporomoko ya milimani umeonyesha kwamba nafasi ya kupona ni kubwa katika dakika 10 za mwanzo, kisha hupungua upesi mno. Mlimani watu hutembea wawili wawili na vyombo vya kutafutana. Nyuma ya nyumba, mtoto anayecheza peke yake hana wa kumtafuta.

Kwa nini huteleza

Theluji hushikamana na paa kwa njia tatu: msuguano, kuganda kwa tabaka la chini juu ya kigae au bati, na kushikana kwake na theluji ya upande wa pili juu ya mgongo wa paa. Vifungo hivyo hudumu maadamu tabaka la chini limeganda. Joto likifika digrii 0 palipo na mgusano, maji kidogo sana, mfano wa utando, hutokea kati ya theluji na paa. Utando huo ndio unaoifungua.

Joto laja kutoka pande mbili. Kutoka juu huja jua, mvua, na katika Alpi upepo mkavu wa joto uitwao Föhn, ambao waweza kupandisha kipimo cha joto kwa digrii nyingi katika saa chache. Kutoka chini huja joto la wenye nyumba wenyewe: jiko, bomba la moshi, vyumba vya darini visivyozibwa vyema. Hapo pana jambo ambalo wageni wa nchi hizo hawalijui, nalo ni la kutisha zaidi: siku ya hatari kwa kawaida si siku theluji inapoanguka. Ni siku ya pili au ya tatu, mbingu zikiwa safi, jua likiwaka, watu wakitoka nje kufurahia hali nzuri na watoto wakiachiliwa wakacheze. Paa lililonyamaza usiku kucha huanza kufanya kazi saa nne za asubuhi.

Kitu ambacho paa limeezekwa nacho nacho kina neno kubwa. Mawe bapa, vigae vya mbao na nyasi vina mikwaruzo ya kuishika theluji. Bati halina, na kioo cha vibao vya kukusanyia nguvu za jua hakina kabisa. Bati tulijualo Afrika kama rafiki wa mwenye nyumba maskini, kwa kuwa humwaga mvua upesi, humwaga theluji kwa upesi ule ule.

Hekima za wajenzi wa zamani

Paa haliwezi kuufanya uzito wa theluji utoweke. Laweza tu kuamua utashuka lini na wapi. Wajenzi wa zamani walilijua hilo, na kila nchi ilichagua njia yake.

Katika Alpi watu walichagua kuishika. Nyumba ya kale ya mbao ya huko ina paa lenye mwinuko mdogo, limeezekwa kwa vigae vya mbao na kukandamizwa kwa mawe, au kwa mawe bapa kama yaonekanavyo bado katika Valais na katika bonde la Aosta. Theluji ilikaa juu kipupwe chote na kuwa blanketi ya nyumba. Chini ya paa palikuwa na majani makavu ya ng'ombe, si chumba cha kulala. Kwa hiyo joto la jikoni halikufika juu, na tabaka la chini lilibaki limeganda mpaka masika. Boriti zilikuwa nene kwa sababu zilitarajiwa kubeba yote.

Katika kijiji cha Shirakawa-go huko Japani, kilichotiwa mwaka 1995 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na Gokayama, walichagua kuimwaga. Mapaa yao ya nyasi yameinuka kwa digrii 60 hivi, na umbo lake hufananishwa na viganja viwili vilivyokutanishwa katika sala. Mwinuko huo hauiruhusu theluji kurundikana sana, ingawa hata huko watu hupanda kuishusha kwa mikono inapokataa kushuka.

Davos ya Uswisi ilipata njia ya tatu, na hiyo ni ya juzi tu. Mji huo ulikuwa mji wa hospitali za kifua kikuu. Wagonjwa waliamriwa kutembea nje na kulala barazani kwenye hewa baridi. Mji uliojaa watu watembeao polepole kando ya majengo marefu hauwezi kuvumilia mapaa yamwagayo tani za theluji njiani. Hospitali ya Schatzalp, iliyofunguliwa mwaka 1900, ilijengwa na paa tambarare, na maji ya theluji iliyoyeyuka yaliteremshwa kwa bomba lipitalo ndani ya jengo, ambako joto la nyumba hulizuia lisigande. Baadaye mjenzi Rudolf Gaberel aliieneza namna hiyo, hata Davos ikawa na sura isiyofanana na miji mingine ya Alpi. Wapo wanaosema kwamba mapaa yale ni mabaya kwa macho. Huenda, lakini hayaui mtu njiani.

Wajapani wameyapa mambo haya majina yaliyonyooka ambayo mwanaisimu hana budi kuyaonea wivu. Nyumba ya nchi ya theluji huweza kuwa ya rakusetsu, yaani yenye kuangusha theluji, au ya taisetsu, yenye kuistahimili, au ya yusetsu, yenye kuiyeyusha. Sehemu ya mwisho, setsu, ndiyo theluji. Sehemu ya kwanza hutaja uamuzi. Ajuaye jina la nyumba yake ajua pia wapi pa kusimama.

Hatari kubwa ya siku hizi yatokana na kuchanganya maamuzi. Nyumba ya kushika theluji, yenye mlango wake chini ya ukingo wa paa, huezekwa upya kwa bati kwa kuwa bati ni rahisi. Darini hutengenezwa vyumba vya kupangisha watalii, navyo hutiwa moto. Kwa siku moja ya ujenzi nyumba hiyo imekuwa ya kumwaga, lakini mlango, njia na uwanja wa watoto vimebaki palepale. Hakuna aliyeamua iwe hivyo.

Vizuizi vya theluji

Mahali ambapo watu hupita chini ya paa na paa lenyewe ni la mteremko, dawa ya kwanza ni kuizuia theluji isitoke. Vifaa viko vya namna nyingi. Cha kale kuliko vyote ni gogo lililolazwa juu ya paa karibu na ukingo na kushikwa kwa vyuma. Siku hizi hutumika mabomba ya chuma yaliyopita katika mikono iliyofungwa paani, au viunzi vya chuma mfano wa ua mfupi, au vijino vidogo vilivyotawanywa juu ya paa lote kwa safu zinazopishana. Kazi ya vijino si kusimamisha theluji iliyokwisha kuondoka. Ni kuifanya isianze kuondoka. Bomba na ua hupokea msukumo wa theluji nzima iliyo juu yao.

Msukumo huo si mdogo, na hapa ndipo mafundi wasio na hesabu huharibu. Katika mfano wa tani saba na nusu, kwa mwinuko wa digrii 30 nusu ya uzito husukuma kufuata mteremko: kilo 3 750, zikigawanywa kwa mita 10 za ukingo, ni kilo 375 kwa kila mita ya kizuizi. Kanuni za Ulaya zaagiza kwamba katika hesabu hiyo msuguano kati ya theluji na paa uchukuliwe kuwa sifuri, kwa sababu siku ya hatari ndivyo ulivyo. Kizuizi kilichopigiliwa juu ya bati tu, kisifike kwenye makombamoyo, hung'oka pamoja na bati. Ndipo theluji ishukapo ikiwa imebeba vyuma vyenye ncha. Afadhali pasingekuwa na kizuizi.

Paa likiwa refu, safu moja ukingoni haitoshi. Huwekwa safu mbili au tatu, ili kila moja ibebe sehemu yake. Kosa jingine ni kuweka kipande kifupi cha kizuizi juu ya mlango peke yake. Mwenye nyumba huona ameokoa fedha. Lakini theluji ya pembeni hukiegemea kipande hicho na kukitwisha mzigo ambao si wake. Kizuizi chapasa kufuata ukingo wote wa upande ule.

Kuna jambo la tatu, nalo ni zito zaidi. Kanuni zile zile hukubali kwamba paa lenye mwinuko mkali hubeba theluji kidogo: kuanzia digrii 30 mzigo wa kuhesabiwa hupunguzwa hatua kwa hatua, hata kwa digrii 60 huhesabiwa kuwa hakuna. Lakini paa lenye vizuizi halipewi punguzo hilo. Maana yake ni wazi: anayetia vizuizi juu ya paa lililojengwa kwa kumwaga ameliongezea mzigo ambao boriti zake hazikukadiriwa kuubeba. Amewaondolea hatari walio nje na kuwawekea walio ndani.

Hatari ya walio ndani si ya kubuni. Tarehe 2 Januari 2006, katika mji wa Bad Reichenhall, kusini mwa Ujerumani, paa la ukumbi wa kuteleza juu ya barafu lilianguka na kuua watu 15, wengi wao watoto na vijana. Uchunguzi ulikuta kasoro katika muundo wa boriti za mbao, na gundi yake ilikuwa imeharibiwa na unyevu kwa miaka mingi. Tarehe 28 ya mwezi ule ule, huko Katowice nchini Poland, paa la ukumbi wa maonyesho lilianguka chini ya theluji, wakafa watu 65. Katika majengo yote mawili theluji haikuteleza hata kidogo, ilikaa.

Mapaa yanayopangana ngazi kwa ngazi yataka hadhari ya pekee, kwa kuwa la juu humwagia la chini. Kwa paa la juu lenye mwinuko unaozidi digrii 15, kanuni zahesabu kwamba nusu ya mzigo wake mkubwa kabisa yaweza kuliangukia paa la chini, juu ya theluji iliyokuwapo.

Joto, mikono na fito

Wako wanaopendelea kutandaza nyaya za umeme ukingoni ili ziyeyushe. Njia hiyo husaidia mahali padogo, kama juu ya mlango au ndani ya mchirizi, lakini hula umeme mwingi na hutibu kovu badala ya jeraha. Kwa kweli jeraha ni joto linalopotea kupitia darini. Theluji iliyoyeyushwa na joto hilo hutiririka hadi ukingoni, ambapo hapana nyumba chini yake, na hapo huganda tena. Barafu hujijenga kama boma la bwawa. Maji yanayofuata hujaa nyuma yake, huingia chini ya vigae na kulowesha kuta, na vipande virefu vyenye ncha huning'inia juu ya vichwa vya wapita njia. Dawa yake ni kuziba dari vizuri, kisha kuacha nafasi ya hewa kati ya kizibo na ezeko, ili hewa baridi ya nje ipite na kuliweka ezeko katika baridi ile ile toka mgongoni hadi ukingoni. Paa la namna hiyo hukaa na theluji yake kwa utulivu kama lile la babu zao lililokuwa na majani makavu chini yake.

Kushusha theluji kwa mikono kungali kuko, hasa Japani, ambako kazi hiyo huitwa yukioroshi, yaani ushushaji wa theluji. Ni kazi yenye gharama ya damu. Katika kipupwe cha mwaka 2005 hadi 2006 theluji iliua watu 152 nchini humo, na wengi wao walikufa wakati wa kuiondoa: walianguka kutoka paani, au walifukiwa na theluji iliyowashukia kutoka juu, au mioyo yao ilishindwa. Wengi walikuwa wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Vijiji vile vimebakiwa na wazee. Vijana wamehamia mijini, na paa halingojei likizo yao. Kwa hiyo mafundisho ya huko husisitiza mambo mepesi: mtu asipande peke yake, ajifunge kamba, avae kofia ngumu, asisimame chini ya sehemu inayofanyiwa kazi, wala asijaribu kuivuta theluji akiwa ukingoni mwa paa.

Lililo bora kupita yote halina chuma wala kamba, nalo lapasa kufanywa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mlango huwekwa upande wa ukuta wa pembetatu, ambako paa halimwagi kitu. Njia ya miguu hupitishwa mbali na ukingo. Palipo lazima kupita, hujengwa kibaraza chenye paa imara. Chini ya ukingo wa paa la kumwaga huachwa ardhi tupu, au hupandwa vichaka ili watu wasipafanye njia. Gari halisimamishwi hapo, wala bomba la gesi na tundu la kutolea moshi havitokezi nje upande huo. Mchoraji anayekumbuka haya humwondolea mwenye nyumba gharama ya miaka hamsini.

Austria imelitia jambo hili katika sheria. Kifungu cha 93 cha sheria ya barabara ya mwaka 1960 chamwajibisha mwenye jengo la mjini kuondoa theluji iliyoning'inia na barafu kutoka mapaa yaliyo upande wa barabara. Mpaka kazi hiyo ifanywe, huegemezwa fito ukutani zikikata njia ya miguu. Mgeni asiyezifahamu hudhani ni mbao zilizosahauliwa na waashi, akazizunguka kwa upande wa ndani.

Suala la jina

Fito hizo mara nyingi huambatana na neno moja la Kijerumani, Dachlawine: Dach ni paa, Lawine ni poromoko la theluji. Mfasiri mwepesi angeandika «poromoko la paa». Neno maporomoko limekwisha kuzoeleka Kongo: yako maporomoko ya Inga, na wakazi wa Bukavu wanayajua vema maporomoko ya udongo. Lakini katika kila mfano huo kinachotajwa baada ya kiunganishi ama ni mahali, ama ni kile kinachoporomoka. Msomaji aambiwaye «poromoko la paa» ataelewa, tena kwa haki, kwamba paa ndilo lililoanguka. Atakuwa amepewa habari ya Katowice badala ya habari ya njia aipitayo, na badala ya kuhama kando ya ukuta atakimbia kutoka ndani ya nyumba, moja kwa moja hadi upenuni.

Kiswahili kinacho chombo cha kuondoa utata huo, nacho ni kiambishi -ni. «Poromoko la paani» hutaja mahali lianzapo bila kulifanya paa kuwa kitu kinachoanguka. Ni fupi, na halihitaji maelezo. Kwa vifaa, «kizuia-theluji» laweza kuwa jina la jumla, na chini yake «bomba», «ua» na «vijino» kwa aina zake. «Bwawa la barafu» laeleweka lenyewe. Majina ya nyumba yangeweza kufuata mfano wa Kijapani: paa la kushika, paa la kumwaga, paa la kuyeyusha.

Onyo la ukutani ni jambo jingine, kwa kuwa onyo halisomwi kama istilahi. Kivutio cha kwanza ni kuandika «Usisimame upenuni», kwa sababu ni Kiswahili kizuri na kila mtu analijua neno. Mtu akiisoma amri hiyo atasogea hatua mbili na kujiona ametii. Hatua mbili hazifiki mita 5. Yafaa basi kuandika: «Hatari! Theluji huporomoka kutoka paani. Pita ng'ambo ya barabara.»